Siku Niliyopiga Kelele za Mamba Kajaga

Nikiri mapema kabla hamjasikia kwa wengine: yule mwanamume mnene aliyetoka ziwani Kajaga mbio, na chupi tu, mbele ya kwaya nzima, alikuwa mimi. Mi mwenyewe, fundi magari wa mtaa wa Buyenzi, baba wa watoto watatu. Na kibaya zaidi, mama mkwe alikuwepo.

Ugonjwa wangu ni wa zamani. Maji yenyewe siyaogopi, naogopa vilivyomo. Tangu nilipokuwa mdogo samaki akanidonoa kidole cha mguu (alinidonoa tu, wala hakuning'ata, lakini nililia njia nzima mpaka nyumbani), kila nikitazama ziwa Tanganyika naona meno. Mamba, kiboko, nyoka wa majini, wote niliamini wananisubiri mimi, na kwa nyama nilizo nazo siwezi kuwalaumu. Miaka arobaini nimeishi mji wa ziwa bila kulowa kupita magoti, na watu nilikuwa nawaambia ni masikio, eti daktari kanikataza.

Sasa Jumapili hiyo mama mkwe, Mama Zaituni, alikuwa ametutembelea kutoka Rumonge, tukampeleka Kajaga. Yeye kakulia ufukweni, ana miaka sitini na kitu, na akiingia majini huwezi kuamini ndiye yule anayelalamikia magoti kila akipanda ngazi. Tumekaa tunakula samaki mukeke wa kuchoma, akaniuliza, "Baba Nadia, we unajua kuogelea?"

Ningesema apana, habari ingeishia hapo. Lakini mke wangu alikuwa ananitazama, na shemeji yangu naye ananitazama, nikasikia mdomo wangu unasema, "Sana, mama! Tangu mutoto." Mke wangu akapaliwa na pilipili.

"Basi twende," akasema mama mkwe, tayari kasimama. "Nimeuliza wavuvi, upande huu iko salama."

Kaptula sikuwa nayo, nikafunga kikoi juu ya chupi, fundo la haraka lisilokaza. Karibu na sisi watu wa kanisa moja walikuwa wanabatiza. Kwaya inaimba mchangani, wanaosubiri wamepanga foleni majini, na mchungaji kamshika mama mmoja mkubwa wa mwili, ndani ya kanzu nyeupe, tayari kumzamisha.

Maji yaliponifika kiunoni, kitu kikanigusa. Kilaini, kirefu, kikanizunguka paja kikateleza mpaka kwenye goti. Sikufikiri chochote. Nikapiga ukelele ambao mke wangu anasema ulifika mpaka Gihosha, kule mlimani: "Mamba! Mamba! Imenikamata!"

Jamani, sijawahi kuona watu wanatoka majini namna ile. Foleni yote ikaruka, ngoma ya kwaya ikaachwa inabingirika, na mchungaji alinipita kwa hatua tatu (simsemi vibaya, ana familia). Nilipofika mchangani nikageuka, nikaona ziwa tupu, isipokuwa watu wawili. Yule mama wa kanzu nyeupe alikuwa ameachwa peke yake, ameteleza upande wa kina, kanzu imejaa maji, anazama anaibuka, mikono inatafuta pa kushika. Na mama mkwe wangu alikuwa anaogelea kumfuata.

Akamfikia, akamshika, wote wawili wakazama, wakaibuka. Akanipigia kelele, "Baba Nadia! Njo! Huyu ni muzito, siwezi peke yangu!"

Nitasema ukweli, niligeuka kutafuta kama kuna Baba Nadia mwingine. Kichwani mwangu mamba bado alikuwepo, nilimwona kabisa, mpaka macho. Lakini nikafikiri nitamwambia nini mke wangu, kwamba nilisimama mchangani nikimtazama mama yake anazama? Nikarudi. Nilirudi nikilia, sioni aibu kusema, nalia na bismillahi mdomoni. Na kitu kile kikanirudia, kikajifunga kwenye kifundo cha mguu. Safari hii sikusimama, nikakiburuta hivyo hivyo mpaka maji yakanifika shingoni. Nikamshika yule mama kwapani, mama mkwe upande wa pili, tukamvuta mpaka miguu yake ikakanyaga chini. Akakohoa, akatapika maji, akasema "Yezu!", akapumua.

Watu wakapiga makofi. Halafu makofi yakapungua, yakaisha, msichana mmoja wa kwaya akanyoosha kidole kwenye mguu wangu.

Kikoi changu, chekundu cha mistari. Mamba ndiye huyo.

Nilitamani mchanga unimeze. Mama mkwe akafungua kitenge alichojifunga juu ya gauni, akanizungushia mwenyewe, kile cha maua makubwa, uso kaugeuzia pembeni. Kisha akamgeukia mchungaji, kwa sauti ya kusikika: "Pardon, pasta. Ni mi niliona kitu nikasema ni mamba. Mi muzee, macho imechoka." Alisema hivyo mbele ya watu ambao masikio yao yalikuwa yamenisikia vizuri sana.

Aliyecheka wa kwanza ni yule tuliyemtoa, Mama Godelive. "Mamba yenye ilinizamisha ndo hiyo imenitoa," akasema, huku anakamua kanzu. Akamwambia mchungaji haingii tena majini kama mimi sipo karibu. Basi nikasimama pale, Mwislamu wa Buyenzi, kitenge cha maua kiunoni, maji mapajani, namlinda mtu anabatizwa. Na samaki wadogo wakaja, wakanidonoa vidole, mmoja mmoja, na sikuweza kukimbia. Nikawaacha wadonoe. Baada ya muda nikagundua inatekenya tu.

Mama mkwe aliongeza majuma matatu kwetu, na kila Jumapili alinifundisha: kwanza uliza wavuvi, ingia polepole, lala chali, pumua. Siku ya kuondoka nikamuuliza kwa nini alijisingizia kwa ajili yangu. Akasema, "We uliamini mamba iko, na ulirudi. Sikutaka wakucheke."

Kwenye gereji wananicheka hata hivyo. Ila nimeapa, nikiulizwa jambo nisilolijua, jibu ni apana, hata anitazame nani. Na kila nikilala chali juu ya maji ya Kajaga, masikio yangu mazima yakiwa ndani, namwombea mama mkwe wangu umri mrefu.