Sarafu za Bibi Kwenye Vifuko vya Nailoni

Juma lililopita, rafiki yangu, nilikuwa nahamia nyumba yetu mpya Ihumwa. Nikafungua boksi moja la vitabu na kupiga ukelele hadi mafundi rangi wakashuka ngazi. Albamu yangu ya sarafu! Nilidhani ilipotea zamani. Nikaketi sakafuni palepale, chai ikapoa, nikawa nafunua kurasa kama mtoto wa miaka kumi.

Ndio umri niliokuwa nao nilipoitengeneza, nikiishi na bibi yangu Mpwapwa. Mwalimu wa historia alitangaza maonyesho ya vitu vya kale, nami papo hapo nikajua la kupeleka. Bibi alikuwa na sarafu alizozifunga fundo kwenye kipande cha kanga: za Mjerumani, za Mwingereza zenye tundu katikati, na zetu wenyewe, ya samaki, ya mbuni na ya sungura. Akaniruhusu.

"Lakini hii uishike kama yai," alisema, akinionyesha moja ya shaba iliyolika. "Baba yangu aliipata kwa kubeba mizigo."

Mimi nikataka zing'ae. Nikaenda uani, nikazisugua zote kwa majivu na ndimu. Lo, ziling'aa! Nikamkimbilia bibi jikoni, akisonga ugali wa uwele, mlenda ukichemka pembeni. Akaigeuza ile ya shaba mara mbili. Maandishi yaliyokuwa yamebaki yalikuwa yametoka.

"Umeiosha uso mpaka umeondoka," alisema taratibu, akarudi kwenye mwiko wake. Hakunichapa. Afadhali angenichapa.

Nililia, kisha nikaenda kwa mwalimu. Akanieleza kwamba sarafu ya kale haisuguliwi. Unaishika ukingoni na kuiweka pakavu. Albamu za dukani tulizisikia tu. Basi fundi cherehani jirani yetu akakata nailoni ya kufunikia madaftari, akashona vifuko kwenye karatasi ngumu, kila sarafu na chumba chake. Siku tatu nilipanga na kupangua. Ile ya shaba nikaipa ukurasa wa kwanza, peke yake.

Siku ya maonyesho meza yangu ilizingirwa. Jirani mmoja mfuga mbuzi alipaza sauti, "Jamani, hizi za tundu! Tulikuwa tunazitunga kwenye uzi kama shanga!" Wazee wakacheka hadi machozi. Kisha mwanafunzi mmoja akauliza mbona ya kwanza haina maandishi. Nikaufunika ukurasa ule kwa kiganja.

Bibi akasogea mbele na kanga yake mpya. "Nitawasomea mimi," alisema, yeye asiyejua kusoma. Akawasimulia safari za baba yake, mabega yaliyochubuka, na alivyorudi ameificha sarafu ile kinywani asiporwe njiani. Kengele ya kwenda nyumbani ikalia. Hakuna aliyeondoka.

Bibi ametangulia, na fundi cherehani naye. Wanangu wanalipia hata maandazi kwa simu. Juzi niliwaita tukafunua albamu pamoja, nikawasimulia kwa mbwembwe zote, nao wakanisogelea. Mdogo akauliza, "Huyo baba yake bibi alikuwa anatoka wapi kwenda wapi?"

Bibi aliitaja njia yote siku ile, kituo kwa kituo. Mimi nilikuwa nimeshughulika kuangalia watu wanavyoitazama albamu yangu.