Breki Iliyojivuta

Fundi Koleo hakuwa mtu wa kupiga domo, isipokuwa akiona breki imeharibiwa kijinga. Hapo alilalamika mpaka wateja wakaenda kumngojea nje ya gereji. Lakini mchana huo alipoichomoa diski ya nyuma ya gari la shemeji yake, alinyamaza kabisa.

Ndani ya diski ile mna viatu viwili vidogo vya breki ya mkono. Kazi yao ni kulizuia gari lisitembee likishaegeshwa, basi, kwa hiyo hudumu miaka. Hivi alivifunga yeye mwenyewe majuzi tu, na tayari vilikuwa vimelika hadi kwenye chuma, vimeungua, vinanuka.

"Shemeji, unavuta breki ya mkono gari likiwa mbioni?"

"Mimi? Nina wazimu? Nishakwambia sigusi! Inajivuta yenyewe, pale kona ya machimbo. Nasikia tu gari linashikwa nyuma."

Makubwa haya! Fundi alikagua waya, akakagua springi, akapandisha na kushusha mkono wa breki. Hakuna kilichokwama. Breki ya mkono haijivuti, jamani. Anayeivuta ana vidole.

Akasikia baridi mgongoni, na jua lilivyokuwa kali! Kona ile aliijua. Ndiko alikofia dada yake, mke wa shemeji, ndani ya gari hili hili, kwenye kiti cha abiria. Breki ya mguu iligoma, shemeji akaganda na usukani, dada akipiga kelele, "Vuta ya mkono! Vuta!" Shemeji mwenyewe ndiye aliyeyasimulia msibani, huku akijipiga kifua.

Sasa alikuwa ameleta viatu vingine, vigumu, vya magari ya mashindano. "Nifungie hivi. Haviishi ng'o!"

Fundi alivigeuzageuza mkononi. Hivi vikishika kwenye kona, magurudumu ya nyuma yatakwama papo hapo, na gari lenye kasi namna ile litaishia bondeni. Amzike na shemeji tena? Alivirudisha kwenye boksi.

"Nafunga vya kawaida kwanza," alisema. "Halafu twende wote, nikae kando yako nione."

Shemeji alinuna, ila alikubali. Njiani alichangamka, akimtania fundi kwamba ameng'ang'ania mlango utadhani bibi harusi anayetoroshwa. Fundi alicheka kidogo, macho hayabanduki kwenye breki.

Walipoikaribia kona, shemeji alikuwa katikati ya kisa cha jirani aliyejifungia chooni. Sauti yake haikubadilika. Macho yalibaki barabarani. Lakini mkono wake mmoja uliteremka polepole kutoka kwenye usukani, ukaishika breki, ukavuta mpaka mishipa ikatutumka. Gari likalia, harufu ya kuungua ikajaa. Kisha mkono ukaachia, ukarudi mahali pake. Shemeji akamalizia kisa chake, akacheka.

"Umeona? Imejivuta. Sijagusa!"

Nywele zilimsimama fundi. Aliogopa, tena sana. "Simama," alisema, na gari liliposimama akachomoa ufunguo. "Ni wewe, shemeji. Umevuta wewe."

"Acha utani."

"Nimeona kwa macho yangu. Hebu utazame mkono wako."

Shemeji aliutazama. Kiganja kilikuwa chekundu. Alikikunja, akakikunjua. Halafu akasema kwa sauti ya chini, ya kubembeleza, "Basi nifungie vile vigumu. Hivi vinateleza. Tukiwa na vile tutasimama kabla hajaumia."

Mtu mzima Fundi Koleo machozi yalimtoka, wala hakuyaficha.

"Sikufungii," alisema. "Dada amekwenda, shemeji. Wewe sikuachi uende." Akatia ufunguo mfukoni. "Teremka, turudi kwa miguu."

Walishuka, fundi akafunga mlango wa upande wake. Shemeji akazunguka mbele ya gari, akaufungua tena mlango ule wa abiria, akasimama ameushikilia, ameinama kidogo, vile afanyavyo mtu anayemngoja mwenzake ashuke. Kiti kilikuwa kitupu.

Fundi hakumharakisha. Alisogea kando kuacha nafasi ya kupita, akangoja naye.