Ubao Bila Rula

Jumatatu nilipanga mstari kwenye dirisha la sekretarieti ya chuo kimoja cha ufundi, hapa Manika, nimechoka kama kila mtu juma hili. Mbele yangu kijana wa mwaka wa tatu alikuwa anarudisha ubao wa kuchorea. Wazazi wake walishafukuzwa nyumbani, kama wote wenye asili ya Kasai. Walikuwa stesheni wakingoja treni ya kwenda huko, jimbo la babu zake ambalo yeye hajawahi kuliona.

Mama wa dirishani aligeuza ubao. “Rula yake iko wapi?”

“Balipora bitu yote, mama. Huu ubao tu njo mi niliokoa.”

“Siwezi pokea nusu.” Akausukuma nje. “Utaleta yote pamoja.”

“Lini, mama? Banatufukuza.”

“Sijui lini. Mwenye hajarudisha bitu ya chuo, angali mwanafunzi wetu. Njo sheria.” Hakumtazama. Alikuwa anafuta kwa kiganja kioo ambacho tayari kilikuwa safi.

Kijana akajitwika ubao kichwani, akaenda stesheni.

Sheria za madirishani zinachosha, mnajua wenyewe. Lakini juma hili mji mzima unawaambia watu waondoke, na ni yule mama peke yake niliyemsikia akimdai mtu arudi.