Jemadari Mwekundu na Wingu la Ziwani

Kila nikifungua kopo la rangi nyekundu ya sakafu, moyo wangu hushtuka kabla pua haijamaliza kunusa. Mume wangu hunicheka, anasema mtu mzima anaogopaje nta. Simlaumu. Yeye hakuwahi kumiliki jeshi.

Mimi nilimiliki. Lilikuwa jeshi la udongo wa kichuguu, nililolikausha juu ya ukuta wa jiko letu pale Milanzi, kisha nikalipaka rangi ya sakafu niliyoichota kwa kidole wakati Mama hayupo. Askari wangu walikuwa na vichwa visivyolingana, na jemadari wao alitoka na pua kubwa ya babu yangu, ingawa sikukusudia.

Adui yangu alikuwa Shabani, mtoto wa mama mdogo, ambaye tulilingana umri. Aliletwa kwetu kutoka Kirando, kule ziwani, muda mfupi kabla ya mvua kuanza, akiwa na begi moja na harufu ya dagaa kwenye sweta. Mama alisema tu kwamba mama mdogo anahitaji kupumzika. Hatukuambiwa zaidi, na enzi zetu mtoto aliyeuliza habari za wakubwa alijibiwa kwa kutumwa maji. Ule mchezo wa vita ni Shabani aliyekuja nao. Jeshi lake alilipaka masizi ya sufuria.

Tulipigana shambani nyuma ya nyumba, kati ya ntumba, yale matuta ya mviringo yanayofukiwa majani ili yaoze yawe mbolea. Kwetu sisi yalikuwa milima. Askari alitembea urefu wa bua moja la ulezi, alipiga risasi kwa punje ya hindi iliyofyatuliwa kwa kidole, na mpaka hapo hatukuwa na ugomvi. Ugomvi ulikuwa kwenye kukabana. Askari wawili wakigusana, risasi haifai tena. Mnatupa dadu ya ludo. Anayetupa kwanza akipata tano au sita, mwenzake ameanguka hata kabla ya kujibu. Sasa nani atupe kwanza? Mimi nilishikilia kwamba ni yule aliyevamia, maana ndiye mwenye moyo. Shabani alishikilia kwamba ni yule aliyesimama akingoja, kwa kuwa mvamizi amefika akihema.

Tulibishana juu ya jambo hilo mpaka uji ukaganda vikombeni. Tulibishana njiani kwenda kisimani na njiani kurudi. Mama alitusikia, akasema wagombanao ndio wapatanao, akaendelea kupepeta ulezi wake.

Alasiri moja jemadari wangu alipanda tuta la mwisho, akamgusa jemadari wa Shabani. Atakayeanguka kati yao ndiye ameshindwa vita nzima. Nikanyoosha mkono kuchukua dadu, Shabani akaifunika kwa kiganja.

"Baba alisema anayengoja ndiye anatupa kwanza."

"Hapa siyo Kirando," nikamjibu.

Nilitegemea abishe kama kawaida yake. Badala yake alitazama nyuma yangu, upande wa ziwani, ambako mawingu meusi yalikuwa yameanza kujipanga. Akasema polepole, "Tuache, Dora. Wingu lile linatusikia."

Nikueleze, msomaji wangu. Watu wa mbali hututania sisi wa Sumbawanga kwamba tunatumiana radi, na wengine wakija kwetu hata soda wanaifungua wenyewe, wasije wakarogwa. Wasichojua ni kwamba na sisi tulikuwa na wetu wa kuwaogopa. Shuleni tuliambiana kwamba wenye radi zenyewe ni watu wa ziwani. Kwamba mtu wa kule ukimdhulumu hagombani nawe, ananyamaza tu na kutazama juu. Na Shabani alikuwa amenyamaza, ametazama juu. Tuliokota majeshi yetu, naye dadu akaitia mfukoni.

Mvua ilitukuta ndani, Mama akiwa bado sokoni. Nilifanya yote aliyotufundisha: nilifunika kioo kwa kanga, nikakaa mbali na mlango, nikavua sweta yangu nyekundu. Hapo ndipo nilipolikumbuka jeshi. Radi hupenda nyekundu, hilo kila mtu alilijua, na mimi nilikuwa na boksi zima la askari wekundu chini ya kitanda, wanang'aa kwa nta. Kuwatupa nje kulitaka nifungue mlango. Ngurumo ikatikisa bati, chumba kizima kikawa cheupe, nikaanza Salamu Maria na kukwama katikati kwa kusahau kinachofuata. Niliogopa kufa. Sijaogopa tena namna ile, hata leba.

Nikaamua kumpa Shabani sheria yake ili aliambie wingu liondoke. Nilimkuta sebuleni, amejibana kati ya gunia la mahindi na ukuta, jemadari wake amemkumbatia kifuani, masizi yamemchafua mpaka kidevuni. Kabla sijafungua mdomo, akasema, "Jemadari wako atupe kwanza. Baba alikosea."

Alininyooshea dadu, lakini ikamponyoka na kubingirika chini ya gunia. Sikuelewa. Niliona tu kwamba mwenye wingu ameghairi, nikashukuru, nikajibana naye pale pale mpaka Mama alipoingia amelowa chapachapa na kutukuta tumeshikana mikono. Dadu ilionekana gunia lilipokwisha, na wakati huo hakuna aliyetaka tena vita.

Nilikuwa tayari na mtoto wangu wa kwanza mgongoni siku Mama aliponieleza, tukichambua maharage. Baba yake Shabani alipigwa na radi ndani ya mtumbwi, akirudi na dagaa, na Shabani alikuwa amesimama ufukweni akimngoja. Ndiyo maana alipandishwa huku kwetu. Alikuwa hataki kuliona ziwa. Niliacha maharage. Kumbe pale shambani hakuwa akinitisha, alikuwa akituogopea sote wawili. Na ule mchezo alifundishwa na baba yake, sheria zote, pamoja na ile tuliyogombania. Ndiyo aliyoitoa jioni ile, ili wingu lipite. Hunijia mara nyingi, nikiwa napika au nimelala, jinsi lilivyomtoka lile neno kwamba baba yake alikosea. Huwa nalia kidogo.

Wanangu nao wanapigana vita siku hizi, askari wao ni wa plastiki. Juzi nikipaka sakafu niliwasikia wakigombea dadu, wakaja kuniuliza nani atupe kwanza. Nikawaambia ni yule aliyesimama akingoja. Mkubwa wao, ambaye ndiye alikuwa mvamizi, alinuna akataka kujua hiyo ni sheria ya nani.

"Ya baba yake mjomba Shabani," nikamwambia. "Na hakukosea."