Viumbe Wasio na Pua

Nakumbuka Jumapili moja mjini Muyinga, mwanangu, mwaka ule tuliorudi kwetu kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania. Mimi na kaka yangu Melkiori tulikuwa tumekuta shamba la marehemu baba, kule Buhinyuza, linalimwa na mjane aitwaye Odeta. Alikimbilia hapo wakati wa vita, akalea watoto wake hapo. Melkiori alikuwa amempa hadi Jumatatu aondoke. Roho iliniuma, lakini kaka mkubwa humpingi hivi hivi.

Siku hiyo tuliingia kwa Mzee Saidi, fundi cherehani, rafiki wa baba tangu zamani. Televisheni yake ilikuwa inaonyesha mchezo wa mambo ya angani, uliotiwa maneno ya Kiswahili. Watu waliotangatanga kwenye nyota miaka mingi wanarudi kwao, wanakuta viumbe wa kijivu, wasio na pua, wanaishi katika nyumba zao. Askari wanainua silaha. Kiumbe mmoja anamlalia mtoto wake ili amkinge.

"Msiwapige!" Melkiori akapiga kelele. "Hao nao ni watu!"

Mzee Saidi akapunguza sauti ya televisheni.

"We Melkiori, hawa hata pua hawana, na umewaita watu. Na ule mama iko kwenye shamba yenu, yeye ni nini?"

Kaka alitoka nje.

Kesho yake tulimkuta Odeta amefunga sufuria na mikeka, watoto wamekaa juu ya mizigo. Melkiori aliitazama migomba aliyoipanda yule mama, akaitazama tena.

"Fungua mizigo, mama," akasema. "Tutagawana."

Odeta aliketi chini palepale, akalia huku anacheka. Mimi nilihisi kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani. Wazee wa kilima, wale waamuzi wa kijiji, wakaja kuweka mpaka, na tukaishi vizuri mpaka nikaolewa huku Giheta.

Sasa nakuona ukitazama michezo ya angani kama ile kwenye simu, na wenzangu wanasema ni upuuzi. Mimi sikukatazi, mwanangu. Ila ukimwonea huruma kiumbe wa kubuniwa, usiizime huruma hiyo pamoja na simu. Mpelekee jirani, hasa yule ambaye kumhurumia kutakupunguzia kitu. Hapo ndipo utajua kama wewe ni mtu.

Mungu akupe moyo mpana, na kila urudipo nyumbani umkute wa kufurahi kukuona.