Kinga Niliyoivua Igowole

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana moja ya Igowole, msumeno wa meza nilikuwa naujua kwa video za simu tu. Msimamizi alinitazama nikipima mbao moja mara nne, akacheka. "Dogo, hiyo ni mbao ya mlango, siyo dawa. Kata!" Nilikata. Kisha nikaipima tena mara nne, na nikaendelea hivyo kwa miaka.

Mnaoanza sasa, ieleweni kwanza mashine. Diski yenye meno inachomoza katikati ya meza. Juu yake kuna kinga, kifuniko cha plastiki. Nyuma kuna kisu, bati jembamba linalozuia ufa wa mbao usifunge. Paina ya kwetu hupasuliwa ikiwa bado mbichi, hivyo hujibana kwenye meno. Bila kisu, mbao hurushwa kwa fundi na mkono wake huvutwa kwenye meno. Kwenye mashine yetu kinga na kisu vilifungwa pamoja: ukivua kimoja, umevua vyote.

Asubuhi moja nilivivua. Kinga ilinificha mstari, nami sikuweza kuvumilia fremu iliyopinda hata unywele. Zamu ilipokwisha nilikagua vipimo mara tatu, nikapangusa meza mpaka ikang'aa, nikamwachia Eliya, fundi wa mchana. Kinga niliisahau rafuni. Na kwetu fundi hakagui mashine aliyoachiwa na mwenzake. Kukagua ni kumtukana. Eliya akawasha. Mbao ya tatu ilimkata vidole viwili.

Kwenye fomu ya ajali msimamizi aliandika, "Uzembe wa fundi." Nilikuwa nimesimama pale pale, nikanyamaza. Siku nane mfululizo nilimpelekea Eliya uji hospitalini.

"Kaka, hata mke wangu haji hivi," alinitania. "Unataka kunioa?"

Nikacheka naye.

Siku ya tisa nikasikia kwamba fomu ile inamwachisha kazi. Niliingia ofisini. "Bosi, kinga niliivua mimi."

"Nilikuona ukiivua," alisema, bila kuinua kichwa. "Nikaziangalia fremu zako zilivyonyooka, nikapita." Akachana fomu. "Kaa. Tuandike upya, na jina langu liwemo."

Eliya alibaki, akapewa kazi ya kupokea mbao getini. Mimi nilihamia Mbeya, nikawa fundi msumbufu anayekagua mashine ya kila mtu, anune anayenuna. Mwaka huu, nikiwa na miaka thelathini na miwili, nimeuacha msumeno. Mikono haitulii tena, na mikono isiyotulia haifai pale.

Kabla ya kuacha nilirudi Igowole kuomba msamaha.

"Kamwene, kaka," Eliya alinisalimu, akanipa ule mkono wenye vidole vitatu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Vidole nilishakusamehe zamani," alisema. "Kinga mtu anaweza kusahau. Ila zile siku nane ulikaa kitandani kwangu ukijua ni wewe, na mimi najilaumu. Hizo bado."