Kikundi chetu cha mvinyo wa ndizi kilivyogawanyika kwa 31803 na 32205

Wakuu, hamjambo humu ndani? Walionizidi umri, shikamooni. Hili nimelishuhudia kwa macho yangu, sipunguzi wala siongezi.

Tuna kikundi cha kutengeneza mvinyo wa ndizi. Nusu yetu tunatoka Nyabiyonza, Karagwe. Nusu wanatoka Kibingo, Kyerwa. Kuna Walutheri, kuna Wakatoliki, na hatujawahi kugombana.

Tukaja kugombana kwa sababu ya bati la tenki.

Tenki letu la kwanza lilikuwa stainless ya kawaida. Likaliwa vitundu kwa sababu tulikuwa tunaliosha kwa klorini kama vile ni choo. Tukakubaliana la pili liwe la chuma cha duplex, maana kinaivumilia klorini zaidi. Hadi hapo akili zetu zilikuwa timamu.

Muuzaji wa Mwanza akatutajia grade mbili: 31803 na 32205.

Mwenyekiti wetu Kaijage, wa Nyabiyonza, akachagua 32205. Katibu Rwegasira, wa Kibingo, akachagua 31803. Sababu? Kaijage kachagua 32205.

Mimi nikaingia Google. Wakuu, hivi vyuma ni mapacha! Chromium, molybdenum, nitrogen, vyote vimo kotekote. Kwenye 32205 wamekaza tu masharti, kiwango cha chini wamekipandisha kidogo.

Nikayaweka hayo kwenye group la WhatsApp. Pande zote mbili zikaniita msaliti.

Vikao vikaanza. Kaijage, ambaye maisha yake yote nitrojeni anaijua kwenye mbolea tu, akasimama: "Ndugu zangu, nitrojeni ndiyo uhai wa chuma!" Karagwe wakapiga makofi.

Rwegasira naye: "Kyerwa hatutaki namba kubwa za kujionyesha. 31803 ndiyo chuma cha mkulima!" Kyerwa wakapiga vigelegele.

Kuna mjumbe alipendekeza tenki liungwe nusu kwa nusu. Mnadhani ni utani? Pendekezo liliungwa mkono.

Wakati huo huo kulikuwa na Ma Kokugonza, mjane wa kule Nyabiyonza. Sisi wenyewe tulimwambia akate ndizi zake zote za kukamua azivundike, kwa sababu tenki "linakuja". Alitegemea pesa ya mikungu ile kuezeka nyumba kabla ya mvua.

Siku moja tukiwa kikaoni akaingia na beseni kichwani. Akalimwaga mezani. Ndizi nyeusi tii, zinachuruzika, nzi wamezizunguka.

"Shikamoo Ma," tukasema.

Hakuitikia. Wa kwetu mnajua uzito wa shikamoo kukataliwa.

"Kaijage, hizi ni namba ngapi?"



Akamgeukia katibu. "Na wewe baba, hebu zisome. Ni zako au ni zake?"

Rwegasira akaangalia viatu vyake.

"Mawe! Mama yangu! Shamba langu limeozea midomoni mwenu." Akakaa chini, akalia. Watu wazima tukabaki tunafukuza nzi.

Kaijage akampigia muuzaji palepale, simu akaiweka loudspeaker.

"Mzee, bati nililonalo limechapwa namba zote mbili," jamaa akasema. "Likifaulu 32205, 31803 limeshafaulu. Kwani mlikuwa mnasubiri nini?"

Kaijage akamwambia alete hilo hilo.

Tenki likaja. Siku ya uzinduzi Kaijage akapiga picha ameziba 31803 kwa kiganja. Rwegasira akapiga yake ameziba 32205. Wote wakaandika kwenye status: "Hatimaye tumeshinda."

Ma Kokugonza hakuja. Siku hizi anawapelekea ndizi majirani wanaokamulia kwenye mapipa ya plastiki, na wengi wamemfuata.

Tenki letu linang'aa balaa. Halina kutu hata chembe. Wala ndizi halina.

Nilichojifunza: mnapobishana kikundini, angalieni kwanza ni mali ya nani inayooza huku nje.

Kesho naenda kwa Ma Kokugonza na bado sijui nianzeje. Mliowahi kumrudisha mtu mliyemuumiza, nipeni maneno. Watu wa 32205, leo naomba mnyamaze kidogo.